Kikombe kimoja, vichwa viwili: kwa nini kahawa inamnoa pacha wangu na mimi inanifuta?

#1 Doto_wa_Pili
Wakuu habari. Niende moja kwa moja.

Mimi (binti) na pacha wangu wa kiume (tumwite Kulwa) tunajiandaa na mtihani wa anatomia. Tunasoma meza moja, kitabu kimoja, kahawa ya birika moja. Yeye akishusha kikombe anakuwa kama kawashiwa taa. Mimi nikinywa kikombe hichohicho sisinzii kweli, nasoma kurasa 20 bila kuinuka, ila kesho yake hakuna kitu.

Mfano wa juzi. Mifupa ya kifundo cha mkono iko 8. Niliiandika kwenye vikaratasi, kila mfupa na chake, nikavipanga mezani safu mbili, vinne vinne, kama mifupa yenyewe inavyokaa. Usiku naitaja yote bila kukwama. Asubuhi Kulwa ananiuliza. Nakiona kabisa kikaratasi kilipokuwa, safu ya juu, cha tatu kutoka kushoto, hata doa la kahawa kwenye pembe naliona. Jina lililoandikwa juu yake ndiyo halipo. Nikatoka kapa. Yeye anaitaja yote 8 huku anapiga mswaki.

Sasa kafeini inasaidia kumbukumbu au inaiharibu? Na kwa nini tutofautiane hivi wakati tumetoka tumbo moja siku moja?

#2 KahawaChungu
Unakunywa kidogo, ndiyo shida yako. Mwili haujazoea. Ongeza cha pili na cha tatu uone. Wamarekani walishathibitisha kwamba kafeini inaongeza kumbukumbu, hakuna mjadala hapo.

#3 Mpita_Njia
Nimevuta kiti. Hii inanihusu.

#4 Maabara_Usiku
Doto, huyo wa #2 muache kwanza. Anza na ini.

Kafeini ukishaimeza inafika kwenye damu upesi, kwa wengi kilele ni ndani ya saa moja hivi. Kuiondoa ni kazi ya ini, na karibu yote, kama asilimia 95, inapitia kwa kimeng'enya kimoja kinachoitwa CYP1A2. Chukulia ni mlango wa kutokea ukumbini. Watu ni walewale, ila kuna ukumbi wenye mlango mpana na kuna ukumbi mnaotoka mmoja mmoja. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini inakuwa imeondoka baada ya saa 5 hivi. Hiyo ni wastani, na wastani unaficha mengi: yuko anayeimaliza hiyo nusu kwa saa 2, na yuko anayefika saa 9.

Piga hesabu. Saa 2 usiku mmekunywa miligramu 100 kila mmoja. Ikifika saa 8 usiku, Kulwa, kama ni mtu wa saa 2, kabakiwa na 12 na ushee. Wewe, kama ni mtu wa saa 9, bado una zaidi ya 60 zinazunguka. Yeye analala, wewe umelala jina tu.

Upana wa huo mlango kwa sehemu kubwa ni wa kurithi.

#5 Doto_wa_Pili
Wa kurithi? Si nimesema sisi ni pacha!

#6 Maabara_Usiku
Pacha wa kike na wa kiume, sivyo? Basi hamkutoka yai moja. Kwa upande wa jeni nyinyi ni kaka na dada wa kawaida mliogawana chumba miezi 9.

Kingine, na huna haja ya kujibu hapa hadharani: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huweza kuurefusha huo muda wa kafeini karibu mara mbili. Kuna mabinti wengi wanashangaa kahawa "imebadilika" wakati kilichobadilika ni kidonge.

#7 Doto_wa_Pili
Mmh. Asante. Hilo nimelibeba.

#8 Mama_Kijacho
Nashuhudia #6, ila mimi kwa njia nyingine. Niko miezi ya mwisho. Zamani kikombe cha saa 10 jioni hakikunifanya lolote. Sasa hivi nikinywa asubuhi, usiku bado nakodolea dari. Kliniki waliniambia nisizidi miligramu 200 kwa siku, na kwamba kuelekea kujifungua mwili unaweza kuchukua hata saa 15 kupunguza nusu. Kumbukumbu ndiyo msiniulize. Jana nimetafuta miwani nikiwa nimeivaa.

#9 Moshi_Mwisho
Mimi kinyume na Mama Kijacho. Nilikuwa mvutaji, pakiti moja kwa siku, na kahawa vikombe 5 au 6 bila wasiwasi. Nikaacha sigara. Wiki ya pili naitwa nisaini karatasi mbele ya watu, mkono unatetemeka mpaka saini imekuwa kama ya mtu mwingine. Nikadhani ni mwili unadai sigara. Nasahau majina ya watu ninaofanya nao kazi kila siku! Nikapunguza kahawa kwa bahati tu, maana iliisha nyumbani, na ndani ya siku chache nikawa mtu. Kumbe nikotini ndiyo ilikuwa inaichoma kafeini.

#10 Maabara_Usiku
Hapo kwenye nikotini nikurekebishe, mkuu. Ni moshi wenyewe. Kuna kemikali kwenye moshi wa tumbaku zinazoliamsha ini litengeneze CYP1A2 nyingi zaidi. Ukiacha kuvuta, mlango unarudi kuwa mwembamba ndani ya siku chache, na wewe bado unamimina vikombe vilevile 6. Ulikuwa unajizidishia dozi bila kujua. Hata ile tofauti ya jeni inayogawa watu "wa haraka" na "wa polepole", ilipoandikwa mwaka 1999 ilionekana zaidi kwa wavutaji.

#11 KahawaChungu
Kwa hiyo ushauri wa kitaalamu ni Doto avute sigara. Sawa.

#12 Maabara_Usiku
Kuna watu wanafaa kunyang'anywa intaneti.

#13 MzeeWaZamu
Nimefanya kazi za zamu ya usiku miaka 14, niwaambie ninachokijua. Mnazungumza ini, mimi nazungumza kitanda. Ulichosoma leo kinapangwa vizuri ukiwa umelala. Mtu akikuibia usingizi amekuibia ulichosoma.

Wakati wa zamu kahawa ilinishika macho, sikatai. Ila asubuhi wakati wa kukabidhi daftari nilikuwa najisoma kama nasoma maandishi ya jirani. "Saa 9:40 nimepiga simu." Nimempigia nani? Mwandiko wangu, kalamu yangu, sikumbuki. Nilipoanza kuacha kahawa baada ya nusu ya zamu, nikalala vizuri mchana, yale mambo yakapungua.

Doto, hesabu usingizi wako kabla hujahesabu vikombe.

#14 Doto_wa_Pili
Mzee shikamoo. Lakini Kulwa anakunywa saa 4 usiku na saa 5 anakoroma. Hilo nalo?

#15 MzeeWaZamu
Marahaba binti. Kukoroma siyo kulala vizuri.

#16 Fundi_Takwimu
Mzee ana hoja hapo. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi ya watu waliopewa miligramu 400 zikiwa zimebaki saa 6 za kulala. Vipimo vikaonyesha wamepoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Kwenye maelezo yao wenyewe hiyo hasara haikuonekana vizuri. Kwa hiyo Kulwa kusema "mimi hainisumbui" ni ushahidi dhaifu. Ingawa dozi ile ilikuwa kubwa, ni kama vikombe vinne vya kahawa ya kuchuja.

Sasa nirudi #2. KahawaChungu, "Wamarekani walithibitisha" nadhani unasema kazi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ya mwaka 2014. Niieleze, maana imetajwa sana kuliko ilivyosomwa. Watu walitazama picha za vitu. BAADA ya kutazama ndipo wakapewa kidonge, wengine miligramu 200 za kafeini, wengine kidonge kitupu. Saa 24 baadaye wakaonyeshwa picha: zilezile, mpya kabisa, na nyingine zinazofanana karibu sawa na zile za jana. Waliopata kafeini walikuwa hodari zaidi kusema "hii inafanana na ya jana lakini siyo yenyewe."

Angalieni mambo matatu. Kafeini ilikuja baada ya kujifunza. Washiriki hawakuwa watumiaji wa kila siku, kwa hiyo "mwili haujazoea" ya #2 imeanguka. Halafu miligramu 100 hazikutosha, na 300 hazikuwa bora kuliko 200. Kwa hiyo cha tatu cha nini?

Na kuna waliorudia jaribio hilo baadaye wakasema athari, kama ipo, ni ndogo.

#17 KahawaChungu
Hii sasa ni chai.

#18 Fundi_Takwimu
Afadhali chai, ina kafeini kidogo.

#19 Jani_Kavu
Samahani Fundi, chai haina kafeini, ina theini. Ndiyo maana mimi chai hainisumbui kichwa.

#20 Maabara_Usiku
Ni kitu kilekile Jani. Kafeini ilitengwa kutoka kwenye kahawa na mkemia wa Ujerumani, Runge, mwaka 1819. Mwaka 1827 ikapatikana kwenye majani ya chai, ikapewa jina la theini kwa kudhani ni kitu kipya. Walipolinganisha baadaye wakakuta ni molekuli ileile. Jina ndilo limebaki linazunguka. Kikombe cha chai huwa na kama nusu ya kafeini ya kikombe cha kahawa, na majani yana teanini pia, ambayo wengine wanaipa sifa ya kutuliza. Kwa hiyo hisia yako inaweza kuwa ya kweli, ila sababu uliyoitoa siyo.

Nilikuwa nataka kuongeza kitu kwenye #4. Ini ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kule kafeini inakofanya kazi. Kadiri unavyokaa macho, ubongoni inajikusanya adenosini. Ina viti vyake, vipokezi, na ikikaa pale unaanza kusikia uzito. Kafeini ina umbo linalokaribiana nayo, inakalia kile kiti bila kufanya kazi ya mwenye kiti. Uchovu upo palepale, taarifa tu haijafika.

Jeni za hivyo viti nazo zinatofautiana. Kuna jeni inaitwa ADORA2A. Mwaka 2003 watu walipewa miligramu 150, na wenye aina fulani ya jeni hiyo wakaripoti wasiwasi zaidi ya wenzao. Kikombe kimoja na nusu tu! Mtu mwenye wasiwasi anaweza kuwa macho kuliko wote chumbani na asishike kitu, kwa sababu ile nafasi ndogo ya kichwani tunayofanyia kazi imejaa moyo unaodunda.

Doto, ukinywa unasikiaje kifuani?

#21 Doto_wa_Pili
Kama nimechelewa basi ambalo silijui linakwenda wapi.

#22 Maabara_Usiku
Ndiyo hiyo ninayoisema.

#23 MzeeWaZamu
Au ni usingizi.

#24 Bundi_Mtana
Naona mmesahau saa. Mimi ni mtu wa usiku, asubuhi ni maiti. Kahawa ya saa 1 asubuhi inanifufua, ya jioni hainiongezei chochote. Siyo mimi peke yangu: kwa wanafunzi wa chuo, jaribio la 2016 lilikuta kafeini imesaidia kumbukumbu asubuhi na mapema, wakati vijana wengi bado wamezima. Alasiri haikusaidia. Kwa wazee ni kinyume chake, wao asubuhi ndiyo wako sawa na mchana unapokwenda wanashuka. Mwaka 2002 wazee wa zaidi ya miaka 65 waliokunywa kahawa yenye kafeini hawakushuka alasiri kama waliokunywa isiyo nayo. Kafeini inaziba shimo. Pasipo na shimo itaziba nini?

Na tabia ya mtu inaingia. Revelle na wenzake, mwaka 1980, walikuta asubuhi kafeini inawasaidia watu wa papara na kuwaangusha watulivu, na jioni mambo yanageuka. Hiyo ni kumbukumbu kabisa.

#25 Fundi_Takwimu
Bundi, nakubali yote isipokuwa mstari wa mwisho. Ya 1980 yalikuwa maswali ya uwezo wa lugha, aina ya mtihani wa kuingilia chuo. Kumbukumbu haikupimwa pale. Inahusiana, lakini usiivalishe nguo isiyo yake.

#26 Bundi_Mtana
Umenipata. Niliisoma asubuhi.

#27 Moshi_Mwisho
😂😂

#28 Kavu_Siku_Tisa
Mimi sina sayansi nyingi. Niliacha kahawa ghafla mwaka jana baada ya kunywa kila siku tangu nikiwa chuo. Siku ya pili kichwa kinagonga, nasoma sentensi ileile mara nne, namba ya simu yangu mwenyewe nimeiandika vibaya kwenye fomu. Nikasema kumbe bila kahawa mimi ni mjinga. Siku ya tisa au ya kumi ikaondoka yote. Nikawa sawasawa na nilivyokuwa wakati nakunywa, si juu si chini. Nikajiuliza, miaka yote ile nilikuwa nalipia nini?

#29 Fundi_Takwimu
Umeigusa hoja nzito kuliko zote kwenye uzi huu. Kuna watafiti, mmojawapo Peter Rogers wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, wanaosema mnywaji wa kila siku asubuhi anakuwa chini kwa sababu mwili unadai, na kikombe kinamrudisha pale asiyekunywa alipo tayari. Maumivu ya kuacha huanza saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho na huweza kwenda siku 2 hadi 9, hivyo siku zako zinaendana kabisa.

Doto, kati yenu nani anakunywa kila siku?

#30 Doto_wa_Pili
Kulwa. Miaka sita sasa. Mimi ni msimu wa mitihani tu.

#31 Fundi_Takwimu
Basi "inamnoa" inawezekana ni kisu kilichokuwa butu kinarudishiwa makali yake. Wewe hukuwa butu, umepata papatiko tu.

#32 Maabara_Usiku
Ila ya Hopkins ilikuwa kwa wasiozoea, na wao ndio walionekana kufaidika. Umesema mwenyewe #16.

#33 Fundi_Takwimu
Ndiyo. Sijasema inajibu yote.

#34 Kalamu_Mbili
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza la wazi: asubuhi ulipoulizwa mifupa, ulikuwa umeshakunywa? Kuna jambo la kukumbuka ukiwa katika hali ileile uliyojifunzia. Mwaka 1975 Godden na Baddeley waliwapa wapiga mbizi maneno ya kukariri, mengine nchi kavu mengine chini ya maji. Waliyojifunza majini waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa majini. Mwaka 2003 wengine wakajaribu kwa kafeini, na waliokuwa na hali moja siku zote mbili wakafanya vizuri kuliko waliobadilishiwa. Wewe umesoma na kahawa, umeulizwa mkavu.

#35 KahawaChungu
Na Kulwa naye alikuwa mkavu, anapiga mswaki. Nadharia imekufa.

#36 Doto_wa_Pili
Kulwa anakunywa kikombe KABLA ya mswaki. Tumemsema nyumbani mpaka tumechoka.

#37 Kalamu_Mbili
Nadharia imefufuka.

#38 Mama_Kijacho
Kahawa kabla ya mswaki, huyo ndiye wa kuchunguzwa.

#39 Haraka_Haraka
Samahani naingilia, vidonge au unga wa kafeini tupu si rahisi zaidi kuliko kuhangaika na vikombe? Unajua umekunywa kiasi gani.

#40 Maabara_Usiku
Unga usiuguse. Kijiko kimoja cha chai cha unga mtupu ni gramu kadhaa, na hapo tunazungumzia sumu, watu wamekufa. Kwa mtu mzima mwenye afya kiasi kinachotajwa ni miligramu 400 kwa siku nzima. Kijiko hakijui kupima hizo.

#41 Asiye_na_Birika
Mnisamehe, mimi nasema nusu ya haya ni imani. Wiki nzima nimejisifu kwamba kahawa ya ofisini inaniamsha, nakumbuka vikao vyote, mpaka aliyekuwa anapika akaniambia pakiti ni ya ile iliyotolewa kafeini. Nimegeuza pakiti, imeandikwa kabisa mbele, herufi za kijani. Siku ya pili nikaanza kusinzia.

#42 Maabara_Usiku
Ile nayo hubaki na miligramu chache, lakini si za kumwamsha mtu. Imani nayo ni dawa, tena haina madhara ya usingizi.

#43 Fundi_Takwimu
Hii ya #41 inanipa wazo. Doto, acha kubahatisha. Nunua zote mbili, yenye kafeini na isiyo nayo. Kulwa akuandalie, asikuambie ipi ni ipi, arushe sarafu kila usiku. Orodha mpya ya maneno 20 kila siku, saa ileile, na asubuhi unaandika uliyoyakumbuka kabla hujanywa chochote. Usiku 10. Hautapata ukweli wa dunia, ila utapata kidogo ukweli wako.

#44 Doto_wa_Pili
Naanza leo. Nitarudi.

#45 Mpita_Njia
Kiti bado kipo.

#46 Doto_wa_Pili
Nimerudi wakuu, usiku 10 zimeisha.

Alama zangu kati ya 20: 13, 9, 15, 14, 8, 14, 11, 16, 9, 12. Nilipoziona nikajua kabisa zile 8 na 9 ni za kafeini. Jana usiku nikamwambia Kulwa lete karatasi yako.

Karatasi ina usiku wa 1, wa 2, halafu wa 7 mpaka wa 10. Hizo nne za katikati hakuandika. Namuuliza, ananijibu "nilidhani nitakumbuka."

Kwa zile sita zilizoandikwa: yenye kafeini ni 9, 16 na 12. Isiyo na kafeini ni 13, 11 na 9.

#47 Kavu_Siku_Tisa
Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

#48 Fundi_Takwimu
Wastani 12 na ushee kwa kafeini, 11 bila. Siku tatu tatu, hapo hujui kitu. Ila angalia: ile 16 yako, alama ya juu kuliko zote, ni ya kafeini. Na moja ya zile 9 ulizozihukumu ni ya kikombe kisicho nayo.

#49 MzeeWaZamu
Usiku wa zile 9 ulilala saa ngapi?

#50 Doto_wa_Pili
Sikuandika, mzee.

#51 KahawaChungu
Na Kulwa alikuwa amekunywa alipokuwa anasahau?

#52 Doto_wa_Pili
Vikombe vyangu vyote alikuwa anavionja kwanza ahakikishe hajachanganya.

#53 Kalamu_Mbili
Basi muulizeni tena akiwa amekunywa, usiku, jikoni palepale. Huenda zile nne zikarudi.

#54 Fundi_Takwimu
Rudieni upya, usiku 20, na muda wa kulala uandikwe. Karatasi ashike mtu wa tatu.

#55 Mpita_Njia
Nishike mimi. Ila mimi kahawa situmii, sijui kama itaharibu jaribio.